T-testi ya sampuli moja imekuletea jibu la ajabu? Anza na dalili unayoiona

Kamwene wadau. Mi nipo Mbeya, kazi yangu ya pembeni ni kuwasaidia wanachuo na mabwana shamba kwenye data zao, na msimu wa kudefendi ukifika simu haipumziki. Watu wa chuo cha MUST, watu wa Iringa, kuna mpaka waliopo Njombe na parachichi zao. Kwa asiyeijua, t-testi ya sampuli moja inalinganisha wastani wa data zako na namba moja ya nje, mfano uzito ulioandikwa kwenye mfuko. Nimekuja kugundua kwamba kila mtu anadhani tatizo lake ni la peke yake ila kiukweli ni yale yale yanajirudia, na mara nyingi kompyuta haina kosa lolote, kosa lipo kwenye ile namba unayolinganisha nayo au kwenye jinsi data zilivyokusanywa. Nimeyapanga kwa dalili, we tafuta yako.

Kwanza tuwe na mfano mmoja wa kutembea nao. Lumbesa, yani gunia lililojazwa kupita kiasi. Gunia la viazi linatakiwa lisizidi kilo 100, sa tuseme umeenda sokoni umepima magunia 10 ukapata hivi: 118, 124, 109, 131, 115, 122, 127, 112, 120, 122. Wastani ni 120, mkengeuko sanifu (namba zinavyotawanyika toka kwenye wastani) ni 6.73. Swali la testi ni moja tu, kama wastani wa kweli wa magunia yote ungekuwa 100 (hii ndo H0), je sampuli ya 10 yenye wastani wa 120 ingetokea kwa bahati? Unachukua 120 toa 100 unapata 20, unagawa kwa kosa sanifu ambalo ni 6.73 gawa kwa kipeuo cha pili cha 10, yani 2.13, unapata t = 9.39. Digrii za uhuru (idadi ya data toa 1) ni 9. Kwa pande mbili (kuzidi au kupungua) mstari wa 0.05 upo kwenye 2.262 kwaiyo 9.39 imeuvuka mbali sana, H0 inakataliwa. Nafasi ya kupata matokeo ya mbali kiasi hicho kwa bahati kama H0 ni kweli ndo inaitwa p, SPSS inaiita Sig, na ikiwa chini ya 0.05 ndo H0 inakataliwa. Hesabu nzima ndo hiyo, yanayobaki ni namna ya kuiharibu.

Dalili: "t yangu ni kubwa ya kutisha na Sig ni .000 kila nikijaribu"

Hii ndo nambari moja kwa wanaotumia SPSS, ile programu ya takwimu. Mtu anakuja amefurahi kabisa, anasema kaka zote zimekubali (yani zimeonyesha tofauti), vipengele 14 vyote .000. Ukiona vyote vimekubali ogopa.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kisanduku cha Test Value kuachwa na 0. SPSS inakuja na 0 humo yenyewe, na programu ya R pia usipoandika mu (namba ya kulinganisha) inachukua 0. Kwaiyo umeuliza "je, gunia la viazi lina uzito tofauti na sifuri?" na kompyuta ikakujibu ndiyo, lina uzito. Kwa magunia yetu t inaruka toka 9.39 mpaka 56.4. Kucheki ni sekunde tano, angalia safu ya Mean Difference, ikiwa sawa na wastani wako wenyewe basi umelinganisha na sifuri. Rudi weka 100, run tena.

Kuna wakati 0 ni sahihi, mfano umepima mavuno kabla ya mbolea na baada kwenye mashamba yale yale, ukatoa ukapata tofauti moja kwa kila shamba, hapo unatesti hizo tofauti dhidi ya 0 na ni sawa kabisa.

Sababu ya pili ni vizio kutofanana. Data zipo kwa gramu, Test Value umeandika kwa kilo. Ya tatu ni kwamba tofauti ipo kweli na ni kubwa, kama lumbesa yetu, hapo hakuna cha kurekebisha. Ila kwenye ripoti usiandike p = 0.000, p haiwi sifuri hata siku moja, SPSS imekata desimali tu, andika p < 0.001.

Dalili: "t ni 0.000 na Sig ni 1.000"

Umechukua wastani wa data zako mwenyewe ukauweka kama Test Value. Nimeiona hii zaidi ya mara moja na usicheke, maana inatokana na swali la msingi ambalo wengi hawaambiwi, hiyo namba ya kulinganisha inatoka wapi? Inatakiwa itoke nje ya data zako na uwe nayo kabla hujapima: maandishi kwenye mfuko, sheria, kiwango cha ubora, au lengo la mradi. Ukiwa huna namba ya nje, basi huna testi ya sampuli moja, una data za kueleza tu na hilo siyo kosa.

Binamu yake ni yule anayechukua wastani wa mwaka jana aliopima mwenyewe kwa watu 15 akauweka kama Test Value. Ile nayo ni sampuli, ina kutikisika kwake, huwezi kuichukulia kama namba iliyochongwa kwenye jiwe. Hapo unahitaji testi ya sampuli mbili.

Dalili: "nilikuwa na uhakika kuna tofauti lakini p imetoka kubwa"

Hapa tukae kidogo maana sababu ni nyingi, nazipanga kuanzia inayotokea sana.

Kwanza kosa la kuandika. Rudi kwenye magunia yetu, tuseme lile la 118 umeliandika 1180, kidole kimeteleza tu. Wastani unapanda mpaka 226.2, na mtu anawaza basi t nayo itapanda. Wapi! Mkengeuko sanifu unaruka toka 6.73 mpaka 335, t inashuka mpaka 1.19 na p inakuwa kama 0.26. Namba moja imekula ushahidi wote wa magunia tisa mengine. Kwaiyo kabla ya testi yoyote angalia ndogo kabisa na kubwa kabisa, afu chora histogramu. Hakuna gunia la kilo 1180 hapa duniani hata kwa lumbesa ya namna gani.

Pili zile 99 na 999 za "hakujibu". Kama hujaiambia SPSS kwamba 999 ni data iliyokosekana inaipigia hesabu kama namba. Mi mwenyewe niliwahi kupeleka kazi ya mtu ikiwa na umri wa wastani wa miaka 71, wakulima wote wazee, mpaka supavaiza wake akauliza huko kijijini vijana wamehamia wapi wote. Zilikuwa 999 tatu. Kwenye Variable View kuna safu ya Missing, ziandike pale.

Tatu sampuli ni ndogo. Chukua mifuko 12 ya mchele wa Kyela iliyoandikwa kilo 25, tuseme wastani umetoka 24.7 na mkengeuko sanifu 0.5. Kosa sanifu ni 0.144, t ni -2.08, mstari kwa digrii 11 za uhuru ni 2.201, haujavukwa. Sa ungepima mifuko 48 na wastani na mkengeuko ukabaki vile vile, t inakuwa -4.16. Tofauti ni gramu 300 zile zile, kilichobadilika ni uwezo wako wa kuziona. Sampuli ikizidishwa mara 4 t inazidi mara 2 tu kwa sababu ya kile kipeuo cha pili, ndo maana watu wanaongeza data kidogo afu wanalalamika hakuna kilichosogea.

Nne, labda kweli hakuna tofauti. Inawezekana pia jamani.

Ila sikiliza, p kubwa haisemi "mifuko ina kilo 25". Inasema ushahidi ulionao hautoshi kukataa kwamba ina 25. Usiandike "H0 imekubaliwa", andika imeshindikana kuikataa, na weka kando yake kipindi cha uhakika cha asilimia 95 (eneo ambalo wastani wa kweli huenda upo), hapa ni toka 24.38 mpaka 25.02. Msomaji akiona hivyo anajua mwenyewe kwamba mfuko unaweza kuwa umepungua gramu 600 au haujapungua kitu.

SIMAMA HAPA: ukigundua data imejitenga na hujui kama ni kosa la kuandika au ni kweli, usiifute. Rudi kwenye daftari la shambani, rudi kwa aliyepima. Kufuta kwa sababu tu inaharibu p yako ni kughushi data, na mtu wa kukusaidia hapo ni supavaiza siyo mimi.

Dalili: "hesabu ya mkono hailingani na ya kompyuta"

Linganisha na mfano wetu wa magunia, jibu sahihi ni 9.39.

Ukipata 9.90 umetumia STDEV.P kwenye Excel badala ya STDEV.S. Ile ya P inagawa kwa n kama vile umepima magunia yote duniani, ya S inagawa kwa n toa 1. Kwa sampuli ni S. Kikokotoo cha mkononi nacho kina vitufe viwili vya namna hiyo, wengi wanabonyeza kisicho.

Ukipata 2.97 umegawa kwa mkengeuko sanifu ukasahau kipeuo cha pili cha n. Huu ni ugonjwa wa mitihani.

t imelingana ila p haijalingana? Pengine umesoma jedwali la z, ile 1.96, wakati ulitakiwa jedwali la t. Z ni pale unapoujua mkengeuko wa watu wote au vitu vyote, na kwa maisha yetu ya huku hiyo karibu haitokei. Jedwali la t lenyewe lilitokana na shida ya sampuli ndogo, lilitoka kwa jamaa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, William Sealy Gosset, mwaka 1908, akaandika kwa jina la kificho la "Student". Angekuwa mtu wa Iringa sijui angepima ulanzi.

Excel ikikuletea #NUM! kwenye T.DIST.2T ni kwa sababu t yako ni hasi na ile fomula haitaki hasi. Andika =T.DIST.2T(ABS(t),n-1), ukiweka t yako na n yako. Na usihangaike na T.TEST, ile inataka safu mbili za data, ya sampuli moja Excel haina fomula yake ya moja kwa moja.

Dalili: "variable yangu haionekani kwenye orodha"

SPSS inaiona kama maandishi. Kuna sehemu umeandika 24,7 kwa mkato badala ya nukta, au "24.7kg", au herufi O badala ya sifuri. Safisha Excel kabla hujaingiza, afu hakikisha Type ni Numeric. Usibadilishe Type kwanza kabla ya kusafisha, zile zenye "kg" zitageuka kuwa tupu na hutajua zilipotelea wapi.

Dalili: "p ni 0.06, nifanyeje kaka?"

Swali la usiku wa manane hili. Mifuko yetu 12 ya mchele ndo hiyo hiyo, t -2.08, p ya pande mbili ni kama 0.06. Mtu anasikia kwamba ukitumia upande mmoja p inagawanywa kwa 2, inakuwa 0.03, tayari imekubali! SPSS za sa hivi zinakuonyesha zote mbili kabisa, kwaiyo kishawishi kipo mezani.

Upande mmoja ni halali kama swali lako lilikuwa la upande mmoja toka kwenye proposo. Mtu wa lumbesa anauliza "je magunia yamezidi 100", hajali yakipungua, huo ni upande mmoja wa halali na alijua kabla hajagusa mizani. Wewe uliyeandika "je uzito unatofautiana na 25" umeshachagua pande mbili, ukigeuka baada ya kuona 0.06 umehamisha goli mpira ukiwa hewani. Na ukitumia upande mmoja hakikisha matokeo yameelekea upande uliosema, yakienda kinyume huwezi kugawa kwa 2, p yako hapo inakuwa kubwa kuliko 0.5.

Fanya hivi: andika 0.06 kama ilivyo, weka kipindi cha uhakika, sema sampuli ilikuwa ndogo. Hiyo 0.05 yenyewe haikushuka toka mbinguni, R. A. Fisher aliipendekeza mwaka 1925 kwa sababu moja kati ya ishirini ilimfaa, ikawa mazoea. Supavaiza wako anaweza asipende ila ukweli unadefendika.

SIMAMA HAPA: ukijikuta unataka kuongeza mifuko mitano halafu kurudia, kisha mitano tena mpaka ikubali, acha. Ukicheki p kila hatua nafasi ya kupata tofauti ya uongo inapanda juu ya ile 0.05 uliyoahidi. Kuna njia za kucheki katikati ila zinapangwa kabla na mtakwimu, siyo wewe na mimi kwa simu.

Dalili: "p ni ndogo sana lakini tofauti yenyewe haina maana"

Sampuli kubwa ndo sababu ya kwanza. Mifuko 2,000, wastani 24.97, mkengeuko 0.5, t inatoka -2.68 na p ipo chini ya 0.01. Tofauti ni gramu 30, kiganja cha mchele. Testi imesema kweli, tofauti ipo, haijasema ni kubwa. Ukubwa unaupima wewe kwa akili ya biashara au ya shamba.

Ya pili hapa inauma zaidi. Mizani. Ikiwa mizani yako inasoma kilo 2 zaidi kwa kila gunia, t-testi haiwezi kujua, itakupa p nzuri kabisa kwa kosa la mizani, na ukiongeza sampuli ndo unazidi kuwa na uhakika wa uongo. Pima kitu unachojua uzito wake kabla ya kazi na baada ya kazi. Na kama matokeo yanaenda kumshtaki mtu wa lumbesa, usitumie mizani ya kuazima dukani kwa jirani, hilo ni suala la Wakala wa Vipimo na mizani iliyohakikiwa.

Ya tatu, data hazijitegemei. Magunia 10 yote ya fuso moja, yamejazwa na kibarua mmoja, huko Uporoto asubuhi moja. Hayo yanafanana kama ndugu, yanakwambia habari za yule kibarua siyo za soko zima. Wa kilimo ndo wanaongoza hapa, una vishamba 5 vya majaribio, kila kimoja umepima mimea 20, unaingiza mistari 100 na digrii za uhuru 99. Hapana, mimea ya kishamba kimoja imekula udongo mmoja. Chukua wastani wa kila kishamba, unabaki na namba 5 na digrii 4, p inapanda, roho inauma ila ndo hali. Ukitaka kutumia zote 100 kuna modeli za ngazi ngazi, hapo tafuta mtakwimu.

Dalili: "nimepima ndiyo na hapana, wastani umetoka 1.4"

Umekodi ndiyo kama 1 na hapana kama 2 afu ukapiga t-testi dhidi ya 0.5, haina maana yoyote. Kodi upya 1 na 0, wastani sasa ni sehemu ya waliosema ndiyo, na tumia testi ya uwiano mmoja au ya binomia. Wakulima 26 kati ya 40 ni 0.65, dhidi ya 0.5 z inatoka 1.90, haijafika 1.96. Kwa watu wachache tumia binomia tu usisumbuke na z.

Likert (yale majibu ya 1 mpaka 5) dhidi ya 3 ni mjadala, wapo wanaokubali na wasiokubali, muulize supavaiza wako kabla hujaandika sura ya nne.

Dalili: "Shapiro imesema data siyo za kawaida, nifute testi?"

Shapiro ni testi ya kucheki kama data ni za kawaida, yani histogramu yake ina umbo la kengele. Siyo lazima ufute. Chora histogramu kwanza. Ukiwa na data 40 au 50 zilizopinda kidogo t-testi inastahimili. Ukiwa na 8 na moja imekaa mbali, haistahimili, na ajabu ni kwamba kwa 8 Shapiro mara nyingi haioni kitu, inakwambia poa. Data za kipato ndo mbaya zaidi, wakulima wa chai wa Rungwe tisa wana kipato cha kawaida na wa kumi ana lori mbili, wastani hapo haumwelezi yeyote kati yao.

Njia mbadala ya kwanza ni testi ya Wilcoxon ya sampuli moja, ila nayo inataka data zisipinde sana upande mmoja. Zikipinda tumia testi ya alama (inahesabu tu ngapi zipo juu na ngapi chini ya namba yako), ni rahisi mpaka unaweza kuifanya kichwani. Magunia yetu 10 yote yamezidi 100. Kama nusu ya magunia ya soko yangekuwa chini ya 100, kupata 10 yote juu ni sawa na kurusha shilingi mara 10 ikalala kichwa zote, ni moja kati ya 1024. Bila t, bila SPSS, bila kuuliza kama data ni za kawaida.

SIMAMA HAPA: data za wagonjwa, dozi za dawa, maji ya kunywa, au kitu chochote ambacho jibu likikosewa mtu anaumia, usimalizie kwa guide ya mtandaoni. Peleka kwa mtakwimu, tena ukiweza mpeleke kabla hujakusanya, maana ukimletea data zilizokusanywa vibaya atakachoweza kukwambia ni pole tu.